Usimtajie tuzo, mtajie mtoto

Juzi msomaji wangu mmoja wa Kasulu kaniandikia: "Dada, nipe riwaya itakayoninyima usingizi, lakini iwe na maana." Nikamjibu kwa neno moja: *Peponi*. Kisha nikaona neno moja halitoshi, kwa sababu riwaya hiihii nimewahi kuipendekeza vibaya, na kosa lile linaniuma hadi leo.

*Peponi* ni ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar. Aliiandika kwa Kiingereza ikatoka mwaka 1994, ikaingia orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker, ile kubwa ya riwaya ya Uingereza, mwaka huohuo. Mwaka 2021 akapata Nobel ya Fasihi, na mwaka uliofuata tukaipata kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, wachapishaji Mkuki na Nyota. Haya yote niliwaeleza wenzangu tunaokutana Mwanga, hapahapa Kigoma, kila mwisho wa mwezi kusoma pamoja. Nilizungumza nusu saa nzima: Booker, Nobel, ukoloni, Mjerumani. Wakanipigia makofi. Nakala yangu ikazunguka mikononi mwao miezi miwili, ikarudi imekunjwa pembe ukurasa wa tisa. Kuanzia wa kumi ilikuwa safi kama imetoka dukani jana. Mmoja akasema, "Hayo ni ya wasomi, sisi tuachie hadithi." Usiku ule nililia.

Nililia kwa sababu mimi mwenyewe sikushikwa na tuzo. Nilishikwa ndani ya treni. Nilipanda Dar es Salaam narudi nyumbani, nikafungua kitabu tulipoiacha Morogoro. Kuna mtoto anaitwa Yusuf, ana miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo. Mara kwa mara anakuja tajiri mmoja, Aziz, anakula, anapumzika, na akiondoka humpa mtoto sarafu. Mtoto anampenda, anajua ni ndugu. Siku moja anaambiwa atasafiri naye. Wanapanda treni. Kule pwani, dukani kwa Aziz, kijana aitwaye Khalil ndiye anayemfungua macho: huyu si ndugu yako. Baba yako anadaiwa, na wewe ndiye rehani.

Nilifunga kitabu nikatazama nje. Giza tupu. Abiria wote wamelala, mimi kifua kinanibana kama nimepewa habari za msiba.

Tulipofika Tabora wauza asali wakigonga madirisha, kwenye kitabu msafara wa Aziz ulikuwa umeshaingia bara, wapagazi na mizigo vichwani, na mnyapara Mohammed Abdalla anayetisha hata akinyamaza. Reli yetu hii, iliyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914, kwa sehemu kubwa imefuata njia ya misafara ya namna ileile, kutoka pwani hadi Ujiji. Nilikuwa nimekaa juu ya njia ninayoisoma. Kisha msafara ukavuka ziwa, na hapo sikuweza tena kula.

Mimi ni Mmanyema wa Ujiji. Wazee wetu walitoka ng'ambo ya ziwa, na namna walivyovuka haisemwi sana majumbani. Bibi yangu alipoulizwa mama yake alikujaje, alikuwa akijibu, "Aliletwa." Basi. Nani alimleta, kwa nini, kwa deni la nani, hakuna aliyethubutu kuuliza. Nilipomsoma Yusuf nililisikia lile neno upya. Kuletwa. Riwaya haikunipa jibu la bibi yangu, ila ilinifanya nitambue kwamba palikuwa na swali.

Sasa sikiliza. Mwaka jana nilikuwa kwa jirani yangu muuza mawese, anakaanga migebuka, nami nimekaa kwenye kigoda. Hakuvuka darasa la saba, na wala haji Mwanga. Nikaanza tu kama ninayemletea habari za mtaani: "Mama, kuna mtoto ana miaka 12, baba yake kamtoa kwa tajiri alipie deni, na mtoto mwenyewe hajui." Mwiko ukasimama. "Mama yake alinyamaza?" Nikamwambia, soma. Nikaenda kukichukua kitabu saa ileile, samaki wakiwa bado kwenye mafuta.

Alikimaliza kwa usiku nne. Kilirudi na doa la mawese, alama ya dole gumba, palepale Khalil anapomwambia Yusuf ukweli. Nimelipenda doa lile kuliko makofi yote ya Mwanga.

Kwa hiyo, wapenzi wenzangu wa vitabu, ukitaka mtu asome, mwambie pale palipokushika wewe. Usianze na tuzo. Mpe kitabu mkononi, usimpe jina akalitafute. Mwisho usimwambie, hata akikubembeleza. Na narudia tena: usianze na tuzo! Tumewatisha watu wetu kwa majina makubwa mpaka wanaona riwaya ni mtihani. Nikiwa kidato cha pili mwalimu mmoja alininyang'anya riwaya mbele ya darasa akasema hadithi hazimpi mtu cheti. Sijakiona tena kitabu kile, wala sijajua kiliishaje. Halafu mimi, mtu mzima, nikaenda Mwanga kuifanya riwaya iwe somo kama yeye. Tuache tabia hiyo. Walimu muache, wazazi muache, nasi tunaojiita wasomaji tuache. Mtu hasomi kwa sababu Ulaya wamesifu. Anasoma kwa sababu ya mtoto aliyepanda treni bila kuambiwa.

Ndugu yangu wa Kasulu, nimekifunga kwenye gazeti, kinapanda basi la kesho asubuhi. Kondakta nimempa namba yako. Lile doa utalikuta, usijaribu kulifuta. Ukifika hapo, nipigie, hata ikiwa saa nane za usiku.