Usimpe hilo bomba la dawa ya minyoo leo

Unauliza kama umpe dume wako dawa ya minyoo leo jioni, na kuhusu chakula chake cha nyasi kavu na pumba. Hilo bomba lifungie kabatini, lisiingie mdomoni mwake. Mtoto wa farasi wa miezi minane, tumbo kubwa na mbavu zinahesabika, anakohoa, kila baada ya wiki chache anagaagaa kwa maumivu kisha anapoa, na tangu azaliwe hajaonja dawa ya minyoo. Nimesoma maelezo yako kifua kikanibana. Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa jike niliyemtunza nikiwa saisi kule Nanyuki.

Tajiri alituma mtu agroveti. Muuzaji hakuuliza umri wala uzito. Alisema ivermectini, dawa ya minyoo, inafagia minyoo yote kwa mkupuo mmoja, tumpe tu. Jioni tukampa. Alfajiri nikamkuta amelala ubavu, shingo imelowa jasho, kila mara anageuza kichwa kutazama tumbo lake. Kwenye matandiko ya banda hakukuwa na bonge jipya la kinyesi hata moja. Daktari alipopitisha mpira puani hadi tumboni, maji ya kijani yalirudi kwa nguvu, na ndani yake mnyoo mzima. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo utumbo ukiziba tumbo hujaa mpaka linaweza kupasuka. Huyo hatukumwokoa. Daktari alimpasua kabla hatujamzika akatuonyesha utumbo mwembamba: minyoo mieupe, mirefu kupita shubiri, imesokotana ikaziba njia yote.

Hiyo ni minyoo mikubwa ya duara, Parascaris, ambayo husumbua zaidi farasi wasiofikisha mwaka na inaweza kufika sentimita 50. Ikiwa mingi, yenyewe tu inatosha kuleta msokoto wa tumbo unaojirudia. Ivermectini huweza kuipoozesha mingi kwa wakati mmoja, ikang'oka na kujazana. Hatari hiyo hujitokeza zaidi ndani ya siku moja au mbili baada ya dozi.

Yule muuzaji bado namkasirikia. Hata muuza viatu huuliza saizi ya mguu! Dawa ni nzuri, lakini kumpa mtoto aliyejaa minyoo bila kumpima ni kumtia hatarini, na mwenye duka anayeuza dawa za mifugo hana udhuru wa kutolijua hilo.

Kanuni yangu ni kinyesi kwanza, dawa baadaye. Asubuhi chukua mabonge machache yaliyotoka sasa hivi, yatie kwenye mfuko wa plastiki, yaweke mbali na jua, umpelekee daktari wa mifugo ahesabu mayai ya minyoo. Mayai yakikosekana usishangilie, maana minyoo michanga haijaanza kutaga. Mweleze daktari na hicho kikohozi, kwa sababu viluwiluwi vya minyoo hii hupita kwenye mapafu. Akiona mzigo ni mkubwa, huenda akachagua dawa inayoua polepole kama fenbendazoli, na yeye ndiye wa kupanga kipimo kwa uzito. Baada ya wiki mbili kinyesi kipimwe tena, kwani katika nchi nyingi minyoo hii imeshakuwa sugu kwa ivermectini.

Uliuliza pia kuhusu nyasi kavu na pumba. Usibadilishe chakula ghafla, basi. Kama mnamlishia chini penye mchanga, angalia kama anaumeza, maana nao huleta maumivu ya tumbo: koroga kinyesi na maji ndani ya glavu ya plastiki, uitundike, uone kama mchanga unatuama vidoleni.

Na kama ameshapewa, usilale. Akiacha kunya, akikataa chakula, akiparapara ardhi au kujitazama ubavu, mpigie daktari hapo hapo, umwambie ni dawa gani na saa ngapi. Sindano ya maumivu usimchome mwenyewe, itamficha daktari hali halisi.