Korodani ikiuma ghafla, usingoje Jumatatu
Unauliza kama mdogo wako wa miaka 15, aliyeamshwa usiku na maumivu makali ya korodani moja huku akitapika, ameze panadol hadi Jumatatu. Hapana, ndugu. Mpeleke sasa hivi hospitali yenye chumba cha upasuaji, siyo duka la dawa. Huenda korodani imejizungusha kwenye kamba yake na damu haipiti. Ikifunguliwa ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, mara nyingi hupona. Zikipita 24, kwa kawaida imeshakufa na huondolewa. Mtajieni daktari saa yalipoanza. Asile wala asinywe kitu njiani, maana huenda akapigwa nusu kaputi. Kosa la kila siku ni kumpa antibayotiki kwa kudhani ni maambukizi, au kusema "ngiri tu" (ngiri iliyobana nayo ni dharura, kwa hiyo jina halibadilishi kitu). Ultrasaundi husaidia, ila foleni yake isicheleweshe upasuaji. Wataishona mahali pake, na ile nzima pia, isije nayo ikajizungusha. Na maumivu yakitulia yenyewe kabla hamjafika, endeleeni na safari: huwa inajirudia.