Njia Moja Iliyokamilika Kuanzia Langoni

Mhariri, wiki hii mmeuliza iwapo bustani za miti zilizo kwenye miteremko ya vilima zinaweza kumpokea kila mgeni kwa usalama, au tukubali kwamba vilima ni vya wenye miguu yenye nguvu. Ninaishi Kigoma, mji uliokaa juu ya vilima vinavyoshuka hadi Ziwa Tanganyika, ambako hata kwenda sokoni ni kupanda na kushuka. Jibu langu ni kwamba zinaweza, mradi wenye bustani watengeneze kwanza njia moja fupi iliyokamilika kabla ya kufungua njia nyingi zilizoishia nusu.

Njia iliyokamilika ni ile ambayo mtu anashuka kwenye bajaji, anapita langoni, anafika chini ya miti, anapata mahali pa kukaa kivulini, anafika chooni na kurudi, bila kubebwa na bila kukutana na ngazi hata moja. Mara nyingi hujengwa langoni rampu nzuri, yaani mteremko wa kupitisha magurudumu pasipo ngazi, kisha mbele kidogo kuna mzizi mnene au mfereji usio na daraja. Mwenye kiti mwendo anaishia hapo, na fedha iliyojenga rampu ile haikumfikisha popote.

Kipimo kinachotumika katika nchi nyingi ni kwamba njia ya kiti mwendo isipande zaidi ya mita 1 katika urefu wa mita 12, na ni afadhali sana ikipanda mita 1 katika mita 20. Kwa hiyo kilima chenye kimo cha mita 30 kinadai njia ya mita 360 kwa kipimo cha kwanza na mita 600 kwa cha pili, bila kuhesabu sehemu tambarare za kupumzikia, ambazo kwenye mwinuko mkali zinahitajika kila baada ya mita 9 hivi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka njia ya wote ifike kileleni kwa gharama yoyote. Njia hiyo na izunguke ubavu wa kilima, iwe na upana wa kutosha kiti kugeuka, yaani sentimita 150 kwenye vituo vyake, na ipite mahali ambapo miti imeachana ili mgeni alione ziwa akiwa ameketi. Kilele kibaki kwa wanaokiweza, lakini miti mizuri zaidi, ule mninga mkubwa au mvule wa miaka mingi, isiwekwe yote huko juu.

Wapo watakaosema kwamba hata Gombe, kaskazini ya mji wetu, njia ni kali na watu wanakwenda. Gombe ni hifadhi ya taifa tangu 1968, msitu uliolindwa kwa ajili ya sokwe, na anayekwenda huko anajua kwamba anawafuata wanyama mahali wanapoishi. Bustani imetengenezwa kwa ajili ya watu, ikawekewa lango na kiingilio. Aidha, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania imeuridhia, unayataja waziwazi maeneo ya burudani na utalii katika ibara yake ya 30. Nasi tuna sheria yetu ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010.

Baada ya mwinuko, jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote ni maji. Kwetu mvua huanza mnamo Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na maji yakishaipata njia ya watu huifanya mto wao. Msimu mmoja unatosha kuchimba makorongo na kuacha mizizi wazi, na kinachomkwamisha mwenye kiti mwendo ndicho kinachomwangusha bibi mwenye mkongojo na mtoto anayekimbia. Mfereji wa kukinga maji uchimbwe upande wa juu wa njia, nayo njia ilalie kidogo upande wa chini, kiasi cha sentimita 2 kwa kila mita ya upana, ili maji yavuke badala ya kutiririka juu yake. Kokoto za mviringo hazifai, kwa kuwa magurudumu huzama na miguu huteleza. Moramu, yaani udongo wenye changarawe, iliyoshindiliwa vizuri inafaa zaidi, na haiigeuzi bustani kuwa uwanja wa saruji. Pale ambapo ngazi haziepukiki, vidato vyote viwe na kimo kimoja, takriban sentimita 15, kwa sababu anayeshuka huupima mguu wake kwa kidato kilichotangulia. Ukingo wa kila kidato upakwe rangi inayoonekana, na vishikio viwe pande zote mbili.

Miti yenyewe pia inahitaji kuangaliwa. Matawi makavu yakaguliwe baada ya kila upepo mkali, hasa ya mikaratusi, ambayo huangusha matawi mazito. Maembe na chikichi zilizodondoka zifagiliwe kila asubuhi, na nyasi za kando ya njia zifyekwe, maana kifutu hulala kimya katikati ya majani makavu na hakimbii anaposikia hatua. Radi ikianza, wageni waelekezwe kwenye jengo, wala wasiachwe wajikinge chini ya miti mirefu.

Langoni pawe na ubao unaosema ukweli: urefu wa kila njia, mahali penye mwinuko mkali, idadi ya vidato na mahali choo kilipo. Mlinzi naye afundishwe kuyasoma hayo kwa sauti kwa asiyeona, na kuyajibu kwa simu, ili mtu aamue akiwa bado nyumbani. Watakaopanda juu waandikwe wanapoingia na wanapotoka, na baada ya saa kumi na moja jioni asiruhusiwe mtu kuanza kupanda, kwa kuwa chini ya miti giza hutangulia. Msaidizi anayemsukuma au kumwongoza mgeni asitozwe kiingilio, na hilo liandikwe kwenye ubao wa bei ili mgeni asilazimike kuliomba mbele ya foleni.