Kukabwa na jinamizi: macho yameamka, mwili bado umelala

Mkuu, nimelisoma swali lako na sikutaka kulijibu kwa mistari miwili. Unasema unasoma chuo hapa Mtwara, umepanga chumba Magomeni, na kwa wiki kadhaa sasa unashtuka karibu na alfajiri huwezi kuinua hata kidole, kifua kimeelemewa, na mtu mweusi kasimama mlangoni. Mama yako amekwambia ni bibi mwenye nyumba, kwa kuwa chumba chake kinapakana na chako. Na ulikuwa umeanza taamuli, ile ya kukaa kimya na kufuata pumzi, ukaiacha kwa hofu kwamba umewafungulia majini mlango.

Nianze na la bibi, maana hilo halina subira. Nakuomba sana usimtaje, si kwa mama, si kwa wapangaji wenzako, wala kwa mganga atakayeletwa. Sheria yetu ya Uchawi inahesabu kumtaja mtu kuwa ni mchawi kuwa kosa. Lakini hata isingekuwepo, unajua mwenyewe neno la namna hiyo likishatoka kwenye mtaa wetu hufanya nini kwa mwanamke mzee anayeishi peke yake. Halirudi. Na hilo linalokupata lina maelezo yanayojitosheleza bila yeye kuwemo.

Mimi nimekabwa kwa miaka. Ilianza nilipokuwa kibarua wa usiku kwenye ghala la korosho. Msimu ukifunguka malori yanapanga foleni, magunia yanashushwa usiku kucha, unarudi nyumbani jua limeshapanda, unajitupa kitandani chini ya bati linalowaka. Nilikuwa nalala chali. Nafumbua macho, naiona feni inazunguka, naiona kalenda ukutani, nasikia watoto wanacheza rede uani, na mkono haunyanyuki. Kisha kanzu niliyoitundika kwenye msumari nyuma ya mlango inaota mabega. Inaota shingo. Naisikia inavuta pumzi. Nikitaka kupiga kelele, sauti inaishia kooni. Ni mchana kweupe, mkuu, na kanzu ni yangu mwenyewe, nimeifua kwa mkono wangu.

Kinachotokea ni hiki. Usingizi una awamu, na mojawapo ni ile ambayo macho hukimbia huku na huku chini ya kope na ndoto zinakuwa nzito. Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman waliieleza mwaka 1953 huko Chicago. Hurudi takriban kila dakika 90, na kadiri usiku unavyokwisha ndivyo inavyorefuka, ndiyo maana wewe unakabwa karibu na alfajiri na si saa tano usiku. Katika awamu hiyo ubongo huilegeza misuli ya mwili ili usirushe mateke unapoota unakimbia. Mfaransa mmoja, Michel Jouvet wa Lyon, aliharibu kisehemu kidogo kwenye shina la ubongo wa paka. Paka wale wakawa wanainuka usingizini, wananyata na kurukia mawindo ambayo hayapo. Kufuli limeondolewa, ndoto imetoka na mwili.

Kwako wewe mambo yamegeuka: akili imeamka, kufuli bado halijafunguliwa. Ndoto nayo haijakatika, kwa hiyo unaiota ukiwa umefumbua macho, ndani ya chumba chako halisi. Sehemu ya ubongo inayoshughulikia hofu imechachamaa, hivyo kivuli chochote kinapewa sura ya mtu aliyekuja kukudhuru. Kifua nacho kina sababu yake: misuli ya kati ya mbavu imelegea, unapumua kwa kiwambo tu, ule msuli ulio chini ya mapafu, na ukilazimisha kuvuta pumzi kubwa, kifua hakitii. Hapo ndipo mtu anaapa kwamba amekaliwa.

Wala si sisi wa pwani peke yetu. Wajapani wana jina lake, wavuvi wa Newfoundland husema ni kikongwe anayekuja kukaa kifuani, na wengi hapa tunakumbuka habari za popobawa, yule jini aliyesemwa kuwavamia watu usiku, wa Pemba na Unguja mwaka 1995, watu walipohamia kulala nje kwa makundi, wamewasha moto. Utafiti uliokusanya tafiti nyingi, uliotoka 2011, ulikuta kama asilimia 8 ya watu wa kawaida wamewahi kukabwa walau mara moja maishani, na kwa wanafunzi ilifika asilimia 28. Wanafunzi, mkuu. Watu wa kukesha, wa mitihani, wa kulala leo saa nane na kesho saa tatu.

Sasa ufanye nini ukiwa humo ndani? Usipigane. Nguvu zote unazotia kwenye mikono na sauti zinaongeza hofu, na hofu inarefusha mambo. Achia kifua, acha tumbo lipande na kushuka lenyewe. Kisha peleka nia yako yote kwenye kidole gumba cha mguu, kile tu, ukitikise. Kwangu hicho ndicho hutangulia kufunguka, na kikishafunguka mwili mzima unafuata kwa mpigo. Macho nayo hayajafungwa, unaweza kuyazungusha. Kama wewe ni Mwislamu na umezoea Ayatul Kursi, isome moyoni polepole, usiiache kwa sababu ya haya niliyoeleza. Mimi naisoma, na pumzi inatulia nayo.

Kabla ya kulala, kubwa ni ubavu. Kukabwa hupenda mtu aliyelala chali. Maalimu wetu wa chuoni Mikindani alikuwa akitusisitiza kulalia ubavu wa kulia kama sunna, na mimi hadi leo ndivyo ninavyolala. La pili ni kulala saa ileile kila siku, hata Jumamosi. Mwezi wa Ramadhani ujihadhari zaidi: ukila daku, ukaswali, ukarudi kulala, usingizi huo wa pili ni rahisi kuangukia moja kwa moja kwenye ndoto.

Kuhusu taamuli, irudie. Unapokaa umefumba macho na umechoka, unaingia kwenye mang'amung'amu, pale mpakani mwa kuwa macho na kulala. Utaona nuru, sura za watu, pengine utasikia unaitwa kwa jina, na sisi tumelelewa kwamba ukiitwa usiku usiitike. Ni ubongo unaoanza kuota kabla hujazama. Kaa kwenye kiti au mkeka asubuhi baada ya kulala vya kutosha, si kitandani usiku wa manane, na hayo yatapungua sana. Faida niliyoipata mimi ni kwamba kuzoea kuitazama pumzi bila kuishika kumenifundisha kumtazama yule mtu wa mlangoni bila kumkimbia. Safari nyingine namwangalia tu, anayeyuka, na badala ya kuamka nateleza kuingia kwenye ndoto huku najua kabisa kwamba naota. Jambo hilo limepimwa: mwaka 1975 kule Hull, Uingereza, Keith Hearne alikuwa na mtu aliyelala maabara, Alan Worsley, ambaye akiwa ndani ya ndoto alipeleka macho kushoto na kulia kama walivyokubaliana, na mashine ikaandika. Aliyatumia macho kwa sababu ndiyo hayafungwi.

Kuna dalili ambazo kukabwa peke yake hakuzileti, na ukiwa nazo nenda hospitali ya Ligula ukaonane na daktari: kusinzia ghafla mchana katikati ya mazungumzo, magoti kulegea ukicheka, kukoroma kunakokatika kama umekosa hewa, au kuamka umejing'ata ulimi na shuka imelowa. Hiyo ya mwisho inaweza kuwa kifafa, nacho kina dawa.

Nijibu mambo matatu: unalala saa ngapi, unalala vipi, na mlangoni kwako kumetundikwa nini. Na mama yako msomee haya, ikiwezekana kabla huyo mganga hajafika.