Kaka yako bado yuko seli tangu Ijumaa? Soma hapa

Pole sana dadangu. Umesema kaka yako alikamatwa Ijumaa jioni, leo ni Jumanne, na bado unaambiwa "njoo kesho". Hiyo si sawa kabisa.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka mtu afikishwe kortini ndani ya saa 24. Saa hizo zikiisha wakati korti imefungwa, basi mwisho ni siku ya korti inayofuata. Kwa hiyo wikendi walikuwa na sababu ya kumshikilia, lakini jana jioni muda wao uliisha.

Nenda sasa hivi, usiende peke yako. Muulize mkuu wa kituo, kwa upole lakini bila kuyumba: anashtakiwa kosa gani, na namba yake katika kitabu cha matukio ni ipi? Iandike. Bondi ya polisi, yaani ahadi ya maandishi kwamba atafika akiitwa, hailipiwi. Ukitoa pesa taslimu za dhamana, dai risiti papo hapo.

Wakizidi kukuzungusha, Kifungu cha 22 kinakuruhusu wewe mwenyewe kwenda Mahakama Kuu kwa niaba yake, na hakuna ada ya kufungua kesi hiyo. Naye mwambie ana haki ya kunyamaza. Asiandikishe taarifa kabla hajaongea na wakili.