Kwa wadogo zangu mnaoanza kazi ya programu: tarehe usiitoe papo hapo

Nyie mnaoingia kazini sasa hivi, mliotoka SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, na mliojifundisha wenyewe kwa bando la usiku, nataka niseme nanyi habari ya dedilaini, yaani tarehe ya kumaliza kazi, maana naona vijana wazuri kabisa, wana akili ya kazi, mwaka wa pili tu washachoka hata laptopu hawataki kuiona. Ukiwauliza vizuri utakuta wanateswa na tarehe walizozikubali wamesimama mlangoni kwa bosi.

Chukua mfano huu. Mwenye hoteli Paje anataka wageni walipie vyumba kwenye tovuti yake kabla ya msimu wa Julai, anakwambia "ni kitufe tu cha malipo hicho, lini kitakuwa tayari?" Kitufe kweli unakiweka kabla ya adhuhuri. Lakini mgeni kalipa kwa simu, mtandao ukakatika katikati, pesa zishaondoka na chumba hakijaandikwa, nani atajua? Wageni wawili wakibonyeza chumba kimoja kwa wakati mmoja kinakuwa cha nani? Bei iko kwa shilingi na pesa za mgeni ni dola, utatumia kiwango cha leo au cha siku aliyobuku? Akighairi anarudishiwa vipi? Na kampuni ya malipo lazima ikufungulie akaunti kwanza, hapo unangoja karatasi za watu, hata ukeshe haziji haraka. Kazi yote iko humo. Kwahiyo jawabu yako iwe "nipe mpaka kesho nikaangalie", ukae uyaandike haya moja moja, kila moja na siku zake, na kutesti ukuhesabu pia, halafu ndo utoe tarehe.

Ukishaona haifikiki sema mapema, usingoje usiku wa kuamkia. Na uende na njia mkononi, "Julai tufungue malipo ya kadi tu, ya simu yatafuata". Mabosi wengi hukasirika kwa kushtukizwa, ukenda hivyo wanakusikiliza. Wakitaka kuongeza watu mmalize haraka, Fred Brooks, mtaalamu wa programu wa Marekani, kashaandika tokea 1975 kwamba kuongeza watu kwenye programu iliyokwishachelewa huzidi kuichelewesha, kwani wewe unayeijua kazi ndo unaiacha ukakaa kuwafundisha waliokuja.

Jengine ni masaa, na hapa watu wanaumia kimya kimya. Wengi mnafanyia kazi kampuni za nje mkiwa Mwanakwerekwe au Chake. Saa tatu asubuhi ya New York kwetu ni saa kumi alasiri, na kwao ikiwa baridi inakuwa saa kumi na moja. California ndo kabisa, wanaingia kazini sisi tushasali magharibi. Sasa ukianza asubuhi na wenzako wa hapa ukaunganisha na wale mpaka saa sita usiku, hizo ni siku mbili kwa mshahara wa moja. Kubalianeni masaa kwa maandishi tokea mwanzo, na kama kazi yenu ni ya usiku basi asubuhi lala, waeleze watu wa nyumbani wasikuone mvivu. Ramadhani waambie kabla mwezi haujaandama kwamba tokea futari mpaka tarawehe hupatikani, wengi hawajui tu, ukiwaambia wanapanga vikao vyao kwengine.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na lile la Kazi walisema anayefanya kazi masaa 55 au zaidi kwa wiki hatari yake ya kupata kiharusi iko juu kwa 35% kuliko wa masaa 35 mpaka 40. Hao hao wa Afya tokea 2019 wameeleza dalili za kuchoshwa na kazi: uchovu usiokwisha, moyo kuikimbia kazi, na kujiona hufanyi kitu kikafaa. Mimi naongeza moja niliyoiona kwa wengi, simu ikilia meseji ya kazi tumbo linasokota kabla hujaisoma.

Ukifika hapo, kwenda kupumzika Nungwi siku mbili hakutoshi kama tarehe zile zile zinakungoja ukirudi, lazima kazi nyengine itolewe mikononi mwako na wewe ndo wa kuiomba. Usingizi ukikukimbia wiki baada ya wiki nenda kwa daktari, hata akikuandikia Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, nenda, watu watasema yao lakini wanaolala macho si wao. Kazini ukiulizwa sema unaumwa.