Mume wangu anasoma na kusali nyumbani, lakini haendi jumuiya. Je, anatenda dhambi?

SWALI

Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Nyasaka hapa Mwanza. Baba watoto anafanya biashara ya dagaa Mwaloni, Kirumba, na tangu tuoane ni mtu wa vitabu: ana Biblia iliyojaa mistari ya kalamu, ana maisha ya watakatifu, na vingine anavyonunua kwa wauza vitabu vya mtumba mjini. Kila jioni anawasomea watoto na tunasali pamoja, na Dominika hakosi Misa. Ila jumuiya ndogo ndogo ya mtaani kwetu, ambako familia za jirani husali pamoja, haendi. Anasema kule ni michango na kusemana tu, na kwamba Mungu anamkuta nyumbani. Mimi ni mweka hazina wa jumuiya, kwa hiyo kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi naenda peke yangu, na kila mara naulizwa mwenzangu yuko wapi. Sasa mwenyekiti amekataa kutia sahihi fomu ya kijana wetu ya Komunyo ya Kwanza mpaka baba yake aonekane. Nyumbani hatuelewani. Je, mume wangu anatenda dhambi? Na vitabu vingi namna hii haviwezi kumpotosha?

JIBU

Milele, amina, mama. Nitaanza na fomu ya kijana, kwa sababu ndiyo yenye haraka na ndiyo nyepesi kuliko mengine yote uliyoyaandika.

Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 843, zinasema kwamba wahudumu watakatifu hawawezi kuwanyima sakramenti waamini wanaoziomba kwa wakati ufaao, walio tayari ipasavyo, na ambao sheria haiwazuii kuzipokea. Ikiwa padre mwenyewe amefungwa hivyo, mwenyekiti wa jumuiya hawezi kuwa na uwezo ambao padre hana. Sahihi yake ni ushuhuda: inamsaidia paroko, ambaye katika parokia ya mjini hawezi kuijua kila nyumba, kufahamu kwamba mtoto huyu anaishi hapa na kwamba familia yake inasali. Ni utaratibu mzuri, nami nautetea, lakini ukigeuzwa kuwa kiboko cha kumchapia baba kupitia mgongo wa mtoto, unakwenda kinyume na neno la Ezekieli, sura ya 18, kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Kwa hiyo nendeni wote wawili kwa paroko, na fomu, na cheti cha ubatizo, na ikiwezekana katekista aliyemfundisha kijana awepo. Msiende kushtaki, nendeni kuomba. Mwenyekiti naye msimfanye adui. Yeye huulizwa na viongozi wa kanda, walio juu ya jumuiya, kwa nini watu wake hawaonekani, na mtu anayeulizwa juu hutafuta wa kumbana chini.

Sasa dhambi. Kanuni ya 1247 inatudai kushiriki Misa siku za Dominika na sikukuu zilizoamriwa, na baba watoto, kwa maelezo yako, hakosi. Hakuna kanuni inayosema kwamba asiyehudhuria sala ya jumuiya siku ya Jumamosi ametenda dhambi kwa sababu hiyo peke yake. Anayewaambia watu kwamba kukosa jumuiya ni sawa na kukosa Misa anaongeza mzigo ambao Kanisa halikuuweka. Najua baba watoto atayasoma majibu haya, maana ni msomaji. Ninachomwomba ni kwamba asiishie kwenye aya hii akafunga.

Kuna msomaji mkubwa kuliko sisi wote, naye ni Paulo. Katika barua ya pili kwa Timotheo, sura ya 4, yuko kifungoni, anajua kwamba wakati wa kufariki kwake umefika, na anamwagiza Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vile vitabu, hasa vile vya ngozi. Mimi nimeupenda sana mstari huo tangu seminari, kwa sababu unaonyesha kwamba mtume aliyebakiwa na siku chache bado alitaka kusoma, na asingekubali kuambiwa kwamba vitabu ni vya mapadre na masista tu, au kwamba mtu wa biashara anapoteza muda kwa kusoma. Lakini ombi la vitabu liko katika mstari wa 13. Mstari wa 9 Paulo anasema Timotheo afanye bidii kuja kwake upesi. Mstari wa 11 anasema Luka peke yake ndiye aliye naye, na kwamba Timotheo amchukue Marko aje naye. Na mstari wa 21 anasihi tena kwamba ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Watu anawaomba mara tatu, vitabu mara moja. Na huyo Marko ni yule yule ambaye Paulo alikataa kusafiri naye, kama tunavyosoma katika Matendo 15, mpaka akaachana na Barnaba kwa ajili yake. Yaani hata yule aliyekwisha kumchosha, sasa anamhitaji.

Barua zenyewe hizo, ambazo baba watoto amezipigia mistari, hazikuandikwa zisomwe na mtu mmoja chumbani. Paulo anawaapisha Wathesalonike kwamba barua yake isomwe kwa ndugu wote, na Wakolosai anawaambia wakishaisoma yao ipelekwe Laodikia, nao waisome ile itokayo Laodikia. Sehemu kubwa ya Agano Jipya ilisikiwa kabla ya kuonwa kwa macho: mmoja alisoma kwa sauti, wengine walisikiliza, wakaulizana. Hata kwetu kando ya ziwa imani ilipita njia hiyo hiyo. Tangu Wamisionari wa Afrika walipofika Kageye mwaka 1878, na baadaye kuanzisha misioni ya Bukumbi mwaka 1883, waliolifikisha Neno vijijini kwa wingi zaidi walikuwa makatekista, watu wa hapa hapa, ambao mmoja wao akijua kusoma aliwasomea wasiojua. Nyumba nyingi zenye Biblia leo zinadaiwa na msomaji fulani wa zamani ambaye hakujifungia na kitabu chake.

Vilevile asome tena Matendo 8, habari za mtu wa Kushi, mtunza hazina wa malkia Kandake (mweka hazina mwenzako, mama). Alikuwa garini akimsoma Isaya peke yake, tena kwa sauti, kwa maana Filipo alimsikia. Alikuwa na kitabu, elimu, muda na moyo wa ibada uliomtoa mbali mpaka Yerusalemu. Alipoulizwa kama anaelewa anachosoma, akajibu kwamba hawezi kuelewa asipopata wa kumwongoza, akamkaribisha apande aketi naye. Aliyealika ni msomaji. Hapo ndipo ninapomwona baba watoto anapungukiwa: si kwamba anasoma kupita kiasi, bali amesoma miaka mingi bila mtu wa kumuuliza swali asilolitarajia. Watoto hawatoshi kwa kazi hiyo, kwa sababu wanamheshimu baba yao mno kuweza kumpinga.

Nisieleweke kwamba nayadharau yale anayoyafanya jioni. Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, inawaagiza wazazi kuyanena maneno ya Mungu kwa watoto waketipo nyumbani, watembeapo njiani, walalapo na waondokapo. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Kanisa, namba 11, unaiita familia kana kwamba ni Kanisa la nyumbani, ambamo wazazi ni watangazaji wa kwanza wa imani kwa watoto wao. Baba anayerudi kutoka Mwaloni amechoka, nguo bado zinanuka dagaa, akanawa, akaketi na kufungua Injili mbele ya watoto watatu, anatimiza jambo ambalo wengi wetu tunalihubiri tu. Ningefurahi kama wanajumuiya wanaomsema wangeyajua hayo. Lakini wangeyajua wapi?

Kuhusu kupotoshwa, sina hofu kubwa. Ajizoeze kutazama kurasa za mwanzo kama kitabu kina ruhusa ya askofu, hasa kikiwa cha mafundisho ya imani au tafsiri ya Biblia, na akiache kile kinachomwambia kwamba msomaji wake peke yake ndiye ameokoka. Vitabu vingine vizuri havina mhuri wowote wa Kanisa na bado vinafaa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, Mkatoliki aliyelelewa na wamisionari, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu juu ya mume na mke waliokosa mtoto na namna ukoo, majirani na waganga walivyoingia katika ndoa yao. Ilingoja zaidi ya miaka 30 mpaka ikatoka kwa Kiswahili. Wanandoa wa jumuiya yoyote ya Mwanza wakiisoma pamoja watapata mazungumzo ya kutosha msimu mzima wa mvua, na pengine ya maana kuliko semina nyingi za ndoa nilizowahi kuhudhuria.

Tuje kwenye lawama ya baba watoto, kwamba jumuiya ni michango na kusemana. Ana haki kwa sehemu, na sitaificha. Maaskofu wa nchi zetu za Afrika Mashariki, kupitia umoja wao uitwao AMECEA, waliazimia miaka ya 1970, na hasa katika mkutano wao wa Nairobi wa mwaka 1976, kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, mahali watu wanapofahamiana kwa majina. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1995 baada ya Sinodi ya Afrika, namba 89, alieleza kazi za jumuiya hizo: kwanza zijiinjilishe zenyewe, zisali na kulisikiliza Neno la Mungu, ziwazoeze wanajumuiya kubeba majukumu, na zitafakari matatizo ya watu katika mwanga wa Injili. Ofisi ya kukusanya fedha haimo katika maelezo hayo. Hata hivyo Paulo naye alikusanya michango, tena kwa kupanga siku, kama ilivyo katika 1 Wakorintho 16, na kanuni ya 222 inatutaka sote kulisaidia Kanisa katika mahitaji yake. Paa la kigango halishuki kutoka mbinguni. Tatizo ni daftari kufunguliwa kabla ya Biblia, na majina ya wasiotoa kusomwa sebuleni mwa mama aliyeazima viti vya jirani ili awapokee, naye jina lake likiwa miongoni mwao. Mtu akiaibishwa hivyo mara moja, Jumamosi inayofuata atapata udhuru.

Hapo wewe, mama, una uwezo ambao mimi sina, kwa sababu daftari liko mkononi mwako. Omba kwa upole kwamba michango isemwe mwisho, kwa dakika chache, bila majina, na anayedaiwa umfuate kwake faraghani. Pendekeza pia jambo la saa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ndipo mitumbwi ya dagaa inapoingia na bei inapopangwa. Kumdai mchuuzi wa Mwaloni awe kwenye rozari saa hiyo ni kumtaka achague kati ya jumuiya na karo ya shule. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kubwa mitumbwi mingi hupumzika. Jumuiya yenye wavuvi na wachuuzi ingekutana Jumamosi jioni, au walau ingeweka mikutano yake mikubwa katika wiki za mbalamwezi. Sijui kama kuna aliyewahi kumuuliza baba watoto ni saa gani ingemfaa.

Kwa upande wako nyumbani, usimlazimishe, na usiifanye habari yake kuwa ajenda ya jumuiya. Wapo watakaokupa 1 Petro 3, wakuambie umvute mumeo kwa mwenendo bila neno. Maneno yale yanahusu waume wasioliamini Neno, na mumeo analiamini kuliko baadhi ya wanaomsema. Mwambie waziwazi kinachokuuma: kwamba unatembea peke yako alfajiri, unaulizwa, na huna jibu. Kitu cha namna hiyo hakimo katika vitabu vyake, ni lazima akisikie kwako.

Zamu yenu ya kuipokea jumuiya itakapofika, mwombe yeye ndiye asome. Asitoe mafundisho siku hiyo, asome tu. Namshauri achukue Barua kwa Filemoni, ambayo ina mistari 25 tu, wala haina sura ya pili, na inaandikwa kwa Filemoni, kwa Afia, kwa Arkipo, na kwa kanisa lililokutana nyumbani mwao, juu ya Onesimo, mtumwa aliyekuwa ametoka katika nyumba hiyo na sasa anarudishwa apokewe kama ndugu. Aisome yote mpaka mwisho bila kukatisha, kisha anyamaze mpaka wengine watatu wawe wamesema, hata kama anadhani wamekosea. Wewe siku hiyo daftari la hazina liache chumbani mpaka chai iwe imenywewa.